Kwa Baba Zuhura, Uliyeacha Kiti Kimeinuliwa Njiani

Mpendwa mume wangu, Baba Zuhura,

Shikamoo, popote ulipo. Marahaba yake uilete mwenyewe, kwa mdomo wako.

Barua hii haina anwani, ndiyo maana sikuitafutia bahasha. Nampelekea mama muuza chai wa Mikumi, pale malori ya Zambia yanaposimama kupoza injini, aibandike ukutani juu ya meza ya vikombe. Isomwe na kila dereva mwenye macho. Huenda mmoja akakutana nawe Mbeya, au Tunduma, au ng'ambo ya mpaka huko, akakwambia, "Bwana wee, mkeo anakutangaza ukutani kama mnada wa ng'ombe." Utakasirika. Kasirika, mume wangu. Anayekasirika yuko hai.

Na ninyi mnaosoma huku mnakunywa chai, mnisamehe kwa mambo ya ndani ya nyumba ya mtu. Someni tu. Ila msiimwagie.

Nina mpaka Ijumaa. Ya Ijumaa nitayaeleza yatakapofika, lakini kwanza nikukumbushe tulikotoka. Kama umepigwa kichwa huko uliko ukajisahau, usome humu ujijue.

Tulijuana Kidete, mwaka mto Mkondoa ulipofurika ukala reli na treni ikalala stesheni kwetu kama nyoka aliyeshiba. Wewe ulikuwa dereva wa Mgiriki wa shamba la mkonge, umetumwa na Landrova yake kuja kuchukua makasha yaliyokwama. Mimi nilikuwa nachoma mahindi nikiwauzia abiria waliokata tamaa. Nikakuona umeshuka, ukakinyanyua kiti ulichokuwa umekikalia, ukaanza kukimiminia debe. Nikasogea na kijinga changu cha moto mkononi nione vizuri maajabu ya mtu anayenywesha kiti.

Nikakuuliza, "Kaka, hicho kiti kina kiu?"

Ulinigeukia ukakiona kijinga, rangi ikakutoka. "Dada, hii ni petroli! Rudi nyuma na huo moto, tusije tukazikwa pamoja kabla hata ya kujuana majina."

Nilirudi nyuma. Majina tulijuana baadaye, na mengine yote.

Nyumbani hawakuelewa nimependa nini. Baba alisema mtu ambaye kazi yake ni kukalia moto hana akili. Nilimjibu kwamba mtu akikalia moto kila siku na asiungue, huyo ndiye mwangalifu, ndiye wa kuoa. Baba alicheka, akakubali mahari. Nimelikumbuka sana neno hilo mwezi huu. Mwangalifu.

Siku unanihamishia kwenu, upande wa Ulaya, Ulaya yetu ya Kilosa si ile ya Wazungu, ulinikalisha kushoto ukanifundisha njia nzima, na hukunifundisha unyumba, ulinifundisha tangi. Kwamba malori tangi lao liko nje ubavuni, kila mpita njia analiona. Kwamba magari madogo ya mjini linakaa nyuma, chini ya mizigo. Kwamba Landrova ya zamani kama ile imelificha chini ya dereva, na mdomo wake uko hapo hapo chini ya mto wa kiti, kwa hiyo huwezi kuinywesha mpaka dereva ainuke. "Hapa hakuna wa kuiba petroli bila kuniambia nisimame," ulisema, ukacheka. Nami nikacheka. Tungejua.

Kisha mashamba ya mkonge yakawa mali ya umma, Mgiriki akaenda zake, nasi tukasogezwa kijijini. Landrova ikapewa kijiji, wewe ukapewa kijiji pamoja nayo, kama kamba na mbuzi. Unakumbuka ilivyopokelewa? Wazee waliizunguka wakitafuta inakokula. Walikuwa wamekuona unamimina maji kwenye rejeta, basi wakakubaliana kwamba inakula kwa mbele, kama kiumbe chochote chenye adabu. Mwenyekiti akamweka mgambo kulinda mafuta ya wananchi, na yule ndugu akalinda boneti. Alikaa juu yake na rungu, kutwa nzima, mwaminifu kabisa, huku watoto wanachezea kiti cha dereva. Nilikwambia umweleze. Ukasema, "Mwache. Mtu anayelinda pasipo na kitu hachoki wala haibiwi."

Na Mwenyekiti mwenyewe, na sigara yake! Kila safari ya Kilosa lazima akae mbele. Ulimwambia kwa heshima zote, "Ndugu Mwenyekiti, wewe umekalia sanduku la spana, mimi nimekalia petroli. Ukiidondosha hiyo sigara upande wangu, Kilosa tutafika, lakini hatutapita barabarani." Akaizima. Lakini hakukusamehe kwa kuwa watu wa nyuma walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti.

Sikwenda shule, unajua. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, jioni baada ya jembe. Lakini gari nililisoma kabla ya herufi. Asubuhi ulikuwa unalala chali chini yake, unailegeza nati ya chini ya tangi kidogo tu, mpaka itoe matone, nami nimekukingia kikombe cha bati. Ulinionyesha: maji huzama, petroli huelea. Yale yaliyokaa chini kama shanga ni maji, na maji ndiyo yanayozima gari katikati ya safari. Ukishayatoa, unakaza nati, unaifuta kwa kidole, unanusa kidole. Masika ulitaka tangi lilale limejaa, ukasema tangi tupu hutoka jasho usiku kama mtu mwenye homa, na jasho lake ndilo maji ya asubuhi. Mafuta yote lazima yapite kwenye kitambaa, na kitambaa kilitoka kwenye kanga zangu, siku zote ile ninayoipenda. Mfuniko nao una kitundu cha kupumulia, unakizibua kwa mwiba. "Kikiziba," ulisema, "gari linakufa na mafuta yake tumboni, kama mtu aliyekabwa." Na tangi halipimwi kwa saa ya mafuta ya mbele, maana ile saa ilikufa zamani za Mgiriki. Linapimwa kwa kijiti. Unainua mto, unafungua mfuniko, unatumbukiza kijiti mpaka chini, unakitoa na kukitazama kilipolowa.

Nilikuwa nakutazama unavyokitazama kile kijiti. Hata mimi hukunitazama hivyo mara nyingi.

Na sabuni. Mungu wangu, sabuni. Tangi lile lilianza kuchoka mshononi, kule nyuma chini, bati lilipounganishwa na bati. Likawa linadondosha. Dawa yake ya njiani ni sabuni ya mche: unaikanda na vidole mpaka ilainike, unaisukumiza kwenye ufa, petroli haiiyeyushi, inashika. Kila dereva anajua. Lakini kila dereva hakuoa mwanamke anayepanga foleni duka la ushirika toka alfajiri kupata kipande. Nilikuwa nakikata kipande changu, nakificha kwenye kibuyu cha mbegu, na bado unakipata.

"Mume gani," nilikuuliza mbele ya mama yako, "anamnyang'anya mkewe sabuni akamwogeshe gari?"

Ukasema, "Mke wangu, wewe ukiwa mchafu utafika unakokwenda. Hili halifiki."

Mama yako alicheka mpaka akajishika ubavu.

Uliomba tangi lishushwe. Nilikuwepo kwenye mkutano, nimekaa na wanawake, nilikusikia. Ulisema liende Kilosa kwa fundi wa kuchomelea, na aambiwe alijaze maji kwanza ndipo aguse moto, kwa sababu mvuke wa petroli unaua kuliko petroli yenyewe. Ulisema itachukua siku chache tu. Mwenyekiti akajibu kwamba tangi linaweza kusubiri, mahindi ya kijiji hayawezi. Watu wakapiga makofi. Nawe ulikaa, na nikaona unapapasa mfuko wa shati, mahali unapoweka sabuni.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mashine ya kusaga ilivunjika chuma, wanawake tukarudi kwenye kinu, na wanawake wakirudi kwenye kinu kijiji hakilali kwa maneno. Ukatumwa Morogoro. Uende Jumamosi, urudi Jumapili kabla ya saa nane mchana, maana amri ya Jumapili kila mtu anaijua: saa nane ikigonga, gari lisilo na kibali lisionekane barabarani, kwa ajili ya shida ya mafuta. Kijiji kilikupa tangi zima, na dumu tupu la akiba, ukijaliwa ulijaze huko. Hukupakia abiria nyuma, ulikwenda peke yako ili chuma kipate nafasi.

Ulipowasha niligundua kibuyu cha mbegu kimefunguliwa. Nikatoka mbio. "Na nguo za Zuhura nizifulie mate?"

Ulipunga mkono dirishani. "Jumapili nakuletea mche mzima!"

Hilo ndilo neno la mwisho nililonalo. Wenzangu wameachiwa wasia, mimi nimeachiwa ahadi ya sabuni.

Jumapili hukuja. Jumatatu madereva wa malori walileta habari kwamba kuna Landrova imesimama katikati ya mbuga ya Mikumi, barabara ya Morogoro, hamna mtu. Chuma cha mashine kipo nyuma, kimefungwa kamba. Mto wa kiti cha dereva umeinuliwa, umeegemezwa mlangoni. Tangi kavu. Dumu halipo. Wewe hupo. Askari wa wanyama walitafuta, lakini mvua ilikuwa imenyesha Jumapili jioni ile, na nyayo zilikuwa zimekwenda na maji.

Kijiji kilipoambiwa "kiti kimeinuliwa," kilimaliza kesi hapo hapo. Sasa kila mtu anajua mdomo wa tangi ulipo, ulishawafundisha. Mwenyekiti alisimama kwenye mkutano akasema, "Ndugu wananchi, kiti hakijiinui. Ameinua kiti, ameyanyonya mafuta yetu, amewauzia walanguzi wa barabarani, amedandia lori, ameingia Zambia. Sisi tunatwanga, yeye anakula nyama."

Mmoja akauliza, "Na tangi lililokuwa linavuja?"

"Lilikuwa linadondosha, ndugu. Hata pua yangu inadondosha. Umeona nimekauka?"

Wakacheka. Walicheka, Baba Zuhura, watu uliowapelekea wake zao kujifungua. Toka siku hiyo nikifika kisimani maneno yanakatika. Kwenye shamba la kijiji napewa mstari wa mwisho, wa mawe. Zuhura amerudi shuleni akaniuliza, "Mama, kupe ni mdudu au ni baba?" Nilimwambia ni mdudu, akale.

Nikuambie siri, na madereva wote waisikie. Mimi niliikubali ile hadithi ya Mwenyekiti kuliko Mwenyekiti mwenyewe. Niliipokea kwa mikono miwili. Watu wakisema "mwizi" nainamisha uso, wanadhani ni aibu. Moyoni nilikuwa nasema: semeni tena. Kwa sababu mwizi anakula. Mwizi ana miguu, ana lori alilodandia, ana chumba amepanga Tunduma. Nilikupangia hicho chumba mwenyewe. Nikakuwekea kitanda. Usiku ulipokuwa mgumu nikakutafutia hata mwanamke, mweupe mnene, anayepika wali kila siku, na nikamchukia vizuri sana, ikanisaidia kulala. Mke gani anamwozesha mumewe kwa mkono wake? Mke ambaye jambo la pili analoweza kulifikiria ni simba. Na simba wa Mikumi hamwombi mtu kadi ya chama.

Ila mama yako hakuikubali. Amekaa mlangoni anatazama barabara, chakula namlisha kama mtoto. Alikwenda kwa shehe akamwomba mwanawe aswaliwe. Shehe ni mtu wa haki, alimjibu kwa upole: "Mama, aliyetoroka haswaliwi. Niletee sababu ya kuamini amekufa, nami nitamswalia swala ya asiyekuwepo, na hitima tutaisoma. Bila sababu nitakuwa namzika mtu aliye hai." Na ndugu zako wakaona haya kwenda tena, maana kumwombea swala mwizi anayekula nyama Zambia ni kujiongezea kicheko.

Basi tukaishi hivyo. Mama anatafuta kifo chako, mimi natafuta wizi wako, tunalala chumba kimoja.

Juzi trekta liliivuta Landrova mpaka nyumbani. Wameiweka nyuma ya ghala. Fundi atakuja Ijumaa kuikagua mbele ya mkutano, baada ya swala, na Mwenyekiti ametangaza kwamba siku hiyo jina lako litafungwa, uandikwe mwizi moja kwa moja.

Jana watu wote walikuwa shamba la kijiji. Nilisema nimeshikwa na tumbo. Nikapita nyuma ya ghala na kanga ya kuokotea kuni, kama mtu mwenye shughuli zake. Mlango wa kulia ulikuwa wazi, mto wa kiti bado umeegemea pale ulipouacha. Nikaangalia mfuniko. Umekazwa. Juu yake kuna kile kitambaa changu, kimekunjwa mara mbili, unavyokiwekaga vumbi lisiingie. Nikasema moyoni, labda askari. Askari nao ni watu wasafi.

Nikalala chali, nikaingia chini.

Nilikuwa sijawahi kuingia mpaka kule. Nilikuwa mtu wa kikombe, natazama miguu yako tu. Kule chini kuna harufu yako, mume wangu, yote, kama vile umetoka sasa hivi kwenda kunawa. Nikapapasa nati ya chini: imekaza. Nikafuata mshono kuelekea nyuma. Ufa ulikuwa umefunguka, haukuwa tena wa kudondosha; ungeingiza ukucha. Jiwe limeupiga, au umechoka tu kusubiri mahindi. Na juu ya ufa wote, toka mwanzo mpaka mwisho wake, ilikuwepo sabuni yangu.

Uliikanda vizuri. Hukuwa na haraka ya mtu anayekimbia. Umeijaza, umeishindilia, umelaza kingo zake, na juu yake umeacha alama ya kidole gumba, moja baada ya nyingine, kama mwanamke anavyobonyeza ukingo wa chungu kibichi. Imekauka. Mistari ya kidole chako inaonekana. Nikaweka changu ndani ya chako. Kikaenea, na nafasi ikabaki.

Nililala pale nikaelewa, na nilijaribu kutoelewa, niliomba Mungu anipunguzie akili. Aliyeuza mafuta hazibi tangi. Aliyemaliza safari yake hashindilii ufa. Anayeziba tangi tupu ni yule anayekwenda kuleta cha kulitia. Uliona petroli imekwisha barabarani, ukainua mto ukatumbukiza kijiti, kikatoka kikavu. Ukaingia chini ukaziba. Ukatoka, ukakaza mfuniko, ukaweka kitambaa. Kiti ukakiacha kimeinuliwa kwa sababu unarudi sasa hivi, ya nini kukirudisha wakati utakuja na mikono yote miwili imeshika dumu? Na malori ya kukubeba yasingekuwepo: ilikuwa Jumapili, saa nane imepita, maana hakuna dereva wa asubuhi aliyeiona ile Landrova, na hakuna hata baiskeli, ila barabara na nyasi na vilivyomo ndani ya nyasi. Ungeweza kukaa ndani ya gari mpaka Jumatatu. Lakini kijiji kilikuwa kinangoja chuma chake.

Ukachukua dumu ukaanza kutembea kuelekea Mikumi. Kumbe wewe si mwizi. Mungu akusamehe, wewe si mwizi.

Nakwambia kitu nilichofanya. Niliweka ukucha kwenye ile sabuni, pembeni, pale inapoanzia. Ni sabuni tu. Kwa kipande cha kijiti na subira ya kufulia nepi ningeikwangua yote, fundi akaja Ijumaa akakuta ufa mtupu na tangi tupu, Mwenyekiti akafunga jina lako, nawe ukaendelea kuishi Tunduma na yule mwanamke wako mnene. Nilianza. Kipande kama punje ya mchele kikaniangukia shavuni. Kisha nikaona kwamba punje ya pili itakuwa kidole chako, na mkono ukakataa. Niliusukuma, ukakataa. Nikatoka chini ya gari na majani kichwani.

Nyumbani, mama yako alikuwa mlangoni. Nikampa shikamoo. Alinivuta kanga akainusa.

"Unanuka mwanangu," alisema.

"Nilipita ghalani, Mama."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Hujaona kitu na una majani kichwani?"

Nikamwambia niliokota kuni. Akaniachia kanga. Nikadhani yameisha, nikaingia kuwasha moto. Akaniita kwa jina langu la usichana, ambalo sikujua analijua.

"Mwanangu, mimi ni mzee. Niambie nimlilie au nimsubiri. Macho yangu haya hayawezi tena kazi mbili."

Nilipuliza moto uliokuwa umeshawaka.

Basi hiyo ndiyo Ijumaa. Usiku kucha nimeipima huku na huku. Nikinyamaza, wewe ni mwizi na uko hai, na mama yako atakufa mlangoni anatazama barabara, na Zuhura atakua anaulizwa baba yake yuko Zambia sehemu gani. Nikisema, wewe ni mtu safi, watu watajiinamia, Mwenyekiti atatafuta mahali pa kuweka uso wake, shehe atapata sababu yake, na safu zitapangwa uswaliwe bila jeneza. Na mimi nitaingia ndani, nitavaa kaniki ya eda, kwa mdomo wangu mwenyewe nitakuwa nimekuua. Hakuna mwingine wa kulisema. Fundi anaweza kuiona ile sabuni akaiona sabuni tu, kila gari bovu lina sabuni. Ni mimi ninayejua kilikuwa kipande kipya, cha kibuyu changu, cha Jumamosi ile. Ni mimi ninayejua kidole.

Nimekata shauri nitasema. Nimekata, nikaunga, nikakata tena, na asubuhi hii bado limekatika. Simsemei Mwenyekiti wala kijiji. Wale wanaweza kutwanga mpaka kiama. Wala sikusemei wewe, maana kama umekufa jina halikusaidii, na kama uko hai ningekupokea na jina lolote. Namsemea yule mzee. Ana haki ya kulia, na mimi nimeikalia haki yake.

Lakini barua hii inatangulia Ijumaa. Lori la leo litaifikisha Mikumi jioni, na kesho yapo malori ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo sikiliza, mume wangu, nawe dereva unayemsomea kwa sauti, soma hapa polepole: kama nimekosea, kama kweli uliuza, kama ile sabuni uliipaka kwa mazoea tu, kama mikono ilifanya kazi yake ya kila siku huku moyo umeshapanda lori, basi njoo. Sitauliza. Njoo na yule mwanamke ukitaka, nitamtandikia. Njoo umefungwa pingu. Simama mlango wa msikiti uniambie ninyamaze, nitanyamaza mbele ya watu wote nikicheka kama kichaa. Nifanye muongo. Nimekuomba vitu vingi katika maisha yetu na vingi ulinipa ukiweza, sasa nakuomba hiki kimoja: uwe mwizi.

Imam akitoa salamu, watu huwa wanakaa kidogo kabla ya kuinuka. Nitangoja mpaka wa mwisho avae viatu. Nitamwomba shehe aweke dua ndefu. Zaidi ya hapo sina muda mwingine wa kukuwekea.

Mimi, bado mkeo,
Mama Zuhura